Sombe, Mchele wa Kasongo na Chai ya Wuyi

Salamabila huamka kabla ya jua. Wachimbaji wanaokwenda kwenye mashimo ya dhahabu ya Namoya hupita kwanza kwenye vibanda vya akina mama, huchutama karibu na mbabula, hunywa chai ya moto iliyokolea sukari na kula muhogo wa kuchemsha pamoja na kiganja cha karanga. Mara nyingi chai hiyo haina jani la chai hata moja. Ni mchaichai na tangawizi, kwa sababu mchaichai huota nyuma ya nyumba, na majani ya chai lazima yanunuliwe. Muhogo mtupu humkwama mtu kooni. Akiutafuna na karanga, mafuta ya karanga huulainisha. Akishushia na mchaichai, ile harufu yake ya limau husafisha ulimi, naye akawa tayari kwa kipande kingine. Hakuna aliyewafundisha mama hawa darasani, lakini wamepanga chakula na kinywaji chake kwa usahihi ambao nimeuona katika migahawa ya bei kubwa sana, mbali sana na hapa.

Niliuona Guangzhou, kusini mwa China. Wakongo wengi wa Uvira na Bukavu wanaujua mji huo kwa biashara ya nguo, simu na vipuri, na wanaijua mitaa ya Xiaobei ambako unaweza kusikia Kiswahili na Kilingala kwenye ngazi moja. Mimi nilikwenda na wafanyabiashara wa kwetu, lakini kilichonishika ni meza za asubuhi za wenyeji wa mji huo. Pale mtu anapoketi, mhudumu haulizi kwanza utakula nini. Anauliza utakunywa chai gani. Ukiagiza vyakula vya mvuke vyenye mafuta ya nyama, watu wa pale watakushauri pu-erh, chai nyeusi ya Yunnan iliyochachushwa, kwa kuwa inakata mafuta. Ukitaka vitu vyepesi, watakuletea tieguanyin ya Anxi, yenye harufu ya maua. Mwenzako akikumiminia, unagonga meza kidogo kwa ncha za vidole kumshukuru, bila kukatisha mazungumzo. Katika migahawa mikubwa ya leo mambo yamekwenda mbali zaidi: kila sahani inakuja na chai yake, imepikwa kwa joto lake, kwenye kikombe chake, kama Wafaransa wanavyofanya na mvinyo. Kwa Mwislamu, au kwa yeyote asiyekunywa pombe, meza ya namna hiyo ni heshima kubwa. Umealikwa kikamilifu, wala hukupewa soda ya kujifariji wakati wenzako wanaonja.

Nikajiuliza kama chakula cha Maniema kingeweza kukaa kwenye meza hiyo. Nikaenda soko la chai la Fangcun, ambalo ni kubwa kiasi kwamba unaweza kutembea asubuhi nzima kati ya maduka ya majani tu, nikanunua vifuko vidogo vidogo. Safari iliyofuata ya kwenda kumtazama mama yangu mdogo, aliyeolewa Salamabila, nikavitia ndani ya mfuko wa nguo.

Njia ya kutoka Uvira hufuata ziwa Tanganyika hadi Makobola, Mboko na Baraka. Baraka nilinunua ndagala wakavu, kwa sababu hakuna mgeni anayekwenda bara mikono mitupu. Kisha njia huacha ziwa, hupanda milima hadi Fizi, hushuka kuelekea Lulimba na hapo huelekea magharibi, Maniema. Kwenye ramani hii ni barabara. Msimu wa mvua ni tope, magari yaliyozama, na vijana wa pikipiki wanaojua kila shimo. Kuna vizuizi, na kwenye vizuizi kuna kulipa. Miaka mingi watu wa njia hii wameishi na hofu ya watu wenye silaha, na kundi la Mai-Mai Malaika limetajwa mno katika habari za Salamabila. Sitaki kuipamba safari hii. Inachosha na inatisha. Lakini kila gunia la sukari, kila kopo la maziwa ya unga na kila pakiti ya majani ya chai inayouzwa Salamabila imepita humu au mahali pabaya kama humu, na bei yake inabeba kila tope na kila kizuizi. Anayeshangaa kwa nini mama wa kibandani anachemsha mchaichai, njia hii ndiyo jibu.

Mji wenyewe umekua juu ya dhahabu. Kampuni ya Banro ya Kanada ilimimina dhahabu yake ya kwanza Namoya mwishoni mwa 2013, ikatangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ikasimamisha kazi 2019 kwa sababu ya usalama. Kati ya hapo, mwaka 2018, kampuni hiyo iliyokuwa imelemewa na madeni ilipangwa upya, na mmoja wa wakubwa waliobaki nayo alikuwa Baiyin International, tawi la kampuni ya madini ya jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Kwa hiyo jina la Baiyin, mji wa China, limepita katika hatima ya Salamabila, ingawa chakula chake hakikupita. Nitarudi Gansu baadaye, maana ndiko ilikotoka chai iliyopendwa kuliko zote nyumbani kwa mama mdogo.

Tulianza na maji. Lu Yu, aliyeandika kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu chai katika karne ya 8, alisema maji ya mlimani ndiyo bora, ya mto yanafuata, ya kisima ni ya mwisho. Mama mdogo hajawahi kumsikia Lu Yu, lakini alinikataza kuchota mtoni. Mito inayopita kwenye machimbo imejaa tope, akasema, na nani anajua wametia nini humo ndani. Akamtuma binti kwenye chemchemi ya mlimani, mwendo wa kutosha kumtoa mtu jasho. Maji yakaja baridi, safi, hayana ladha ya chumvi wala ya chuma. Tukayachemsha juu ya makaa. Kwa chai ya kijani tuliyaacha yapoe kidogo kabla ya kumimina, kwani Longjing ya Hangzhou ikipigwa na maji yanayotokota huwa chungu na harufu yake ya njegere changa hupotea.

Sombe ilikuwa imeanza mapema zaidi. Wasiozoea hudhani ni mboga ya kawaida ya kutia maji na kuchemsha. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kazi yote ya kutwanga na kuchemsha muda mrefu bila mfuniko ni ya kuiondoa. Mama mdogo huchuma majani machanga tu, huyababua kidogo kwa maji moto, huyatwanga kwenye kinu pamoja na kitunguu na pilipili mbichi mpaka yawe laini kabisa, kisha huyaacha motoni hadi rangi ya kijani kibichi igeuke kijani cha giza. Mawese huingia mwishoni. Si mengi: yanapaswa kung'aa juu ya sombe, yasielee. Siku hiyo akatia na kambale aliyekaushwa kwa moshi, akamvunja vipande kwa vidole.

Nilimwandalia pu-erh mbivu. Chai hii hurundikwa kwa marundo makubwa, hulowanishwa na kuachwa ichachuke kwa wiki kadhaa. Mbinu ya kuiharakisha ilikamilishwa Kunming mwaka 1973, ili watu wasilazimike kuingoja izeeke kwa miaka mingi. Maji yake ni meusi, harufu yake ni ya ardhi baada ya mvua na ya mbao za zamani. Mama mdogo akanusa, akasema, “Mwanangu, hii iko na harufu ya udongo wa msituni.” Akala tonge la bugali na sombe, akanywa, akanyamaza. Akala tena. Sombe ina uzito: nyuzi za jani, mafuta, moshi wa samaki. Pu-erh ni nzito vilevile, lakini haina ukali, kwa hiyo haipigani na pilipili. Inapita chini ya mafuta na kuyabeba. Ulimi unabaki safi, na ladha ya mawese inabaki nyuma peke yake, tamu kidogo, kama haikuwahi kuwa na mafuta. Hakuna kinywaji nilichowahi kunywa na sombe kilichoitendea haki hivyo. Bia hulijaza tumbo, soda huifunika kwa sukari. Chai hii iliifanya sombe iwe sombe zaidi.

Sababu yake inajulikana. Chai ina tanini, na tanini hushikana na protini zilizomo katika mate. Ndiyo maana kinywa hukauka kidogo ukinywa chai kali. Ukavu huo ndio unaoondoa utelezi wa mafuta. Watu wa nyanda za juu za Tibet, wanaoishi kwa nyama na siagi, walibadilishana farasi wao na chai nyeusi ya Sichuan na Yunnan kwa karne nyingi, misafara ikipanda milima mikali kuliko ya Fizi. Mwenye chakula chenye mafuta anaitafuta chai, na ikiwa mbali anaifuata.

Kambale peke yake tulimla na chai ya Zhengshan xiaozhong, inayotoka kijiji cha Tongmu katika milima ya Wuyi, jimbo la Fujian. Majani yake hukaushwa juu ya moshi wa misonobari. “Uliikausha ku moto?” akauliza baba mdogo, na nikamwambia ndiyo, waliikausha motoni kama samaki huyu. Akafurahi sana. Kwake moshi ni njia ya kuhifadhi riziki: samaki wa Luama au wa Lualaba asiyepitishwa motoni haoni siku ya tatu. Kujua kwamba wapo watu upande wa pili wa dunia wanaotia moshi kwenye jani la chai na kuliuza kwa bei kubwa kulimfanya amtazame kambale wake upya. Nami nilimtazama upya. Tumezoea kumwita samaki wa moshi chakula cha maskini, cha kule ambako hakuna umeme. Weka kipande chake kwenye sahani nyeupe, pembeni ya wali, na kikombe kidogo cha chai ya Tongmu, uone kama kuna mpishi wa mji wowote atakayekudharau.

Longjing haikufaulu. Kule Hangzhou huipika na kamba wa mtoni, chakula ambacho karibu hakina viungo kabisa, na ni sawa. Pilipili ya Maniema iliizima kabisa. Tieguanyin ilipendeza na mapapai na nanasi baada ya chakula, basi.

Kilichonishangaza zaidi kilitoka kwenye kinu. Nilikuwa namweleza mama mdogo kuhusu Wahakka, jamii moja ya Guangdong na majimbo ya jirani, ambao hawanywi chai tu bali huila. Hutwanga majani ya chai pamoja na karanga, ufuta na majani yenye harufu kama mnanaa, humimina maji moto, na uji huo wa kijani huumwagia juu ya wali wenye mboga zilizokatwakatwa. Huuita lei cha. Sikuwa nimemaliza kueleza, mama mdogo akasimama. Karanga alikuwa nazo. Wali wa Kasongo ulikuwa kwenye sufuria. Lumbalumba, ule mmea wa jamii ya kivumbasi unaonukia, uliota kando ya choo. Akaniambia nimpe yale majani ya kijani ambayo pilipili iliyashinda.

Akatwanga. Mwanamke anayetwanga sombe tangu utoto hahitaji kufundishwa wakati wa kuacha: anasikia kwa mlio wa mchi. Akakaanga karanga tena kidogo ili zitoe harufu, akaziongeza pamoja na chumvi, akamimina maji ya moto pole pole huku akikoroga. Juu ya wali akaweka lengalenga iliyokaushwa kwenye sufuria na ndagala niliowaleta kutoka Baraka. Akamwagia. Kwa muda hakuna aliyesema neno, halafu watoto wakaomba waongezwe. Ladha ilikuwa ya karanga kwanza, kisha uchungu mdogo wa chai, kisha lumbalumba ikipanda puani, na chumvi ya ndagala ikivuta vyote pamoja. Kwa maoni yangu hiki ndicho chakula bora nilichokula katika safari nzima, na kila kitu ndani yake, isipokuwa jani la chai, kilitoka Kivu na Maniema. Jani lenyewe lingeweza kutoka Kivu pia.

Kuhusu kunywa chai pamoja na chakula, pana jambo la kusema kwa uzito. Jirani, ambaye ni muuguzi, alipita tulipokuwa tunakula, akaonja, akasifu, kisha akaniuliza kama mama wajawazito wa nyumba hii wanapewa chai hiyo pamoja na sombe. Anajua kazi yake. Tanini hiyo hiyo inayosafisha mafuta hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani na nafaka, na mwili hauwezi kuyachukua vizuri. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha si neno. Kwa mjamzito au mtoto aliyemalizwa damu na malaria, katika nchi ambayo nyama haionekani kila siku, ni hasara ya kweli. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: kwao hao chai ije saa moja au zaidi baada ya chakula, na kwenye chakula watie limau au mapapai, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma. Mchaichai wa kibandani hauna tatizo hilo kama chai yenyewe. Mpishi yeyote anayetaka kuunganisha chai na vyakula vyetu aanze kwa kujua hili.

Sasa Gansu. Huko Lanzhou, mji mkuu wa jimbo hilo, Waislamu wa Hui hunywa chai kwenye bakuli lenye mfuniko na kisahani. Ndani hutiwa chai ya kijani, tende nyekundu zilizokaushwa, zabibu kavu, tunda la longan, beri za goji na pande la sukari mawe. Maji huongezwa tena na tena, na kila mara utamu huwa tofauti kidogo. Huinywa na nyama ya kondoo ya kuchemsha, inayoliwa kwa mikono, na chumvi. Nilipoitengeneza jioni ya Ijumaa, baba mdogo alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili ya wageni. Mpaka hapo malalamiko ya nyumba nzima yalikuwa mamoja: “Sukari iko wapi?” Kwao chai bila sukari ni dawa. Basi hii ilikuwa na sukari, ilikuwa na tende, ilikuwa ya Waislamu wenzao, na ilikwenda na mbuzi wa kuchemsha kwa tangawizi bila kasoro. Wazee waliotoka msikitini waliinywa hadi tende zikabaki uchi chini ya bakuli, wakazila. Mmoja akauliza kama ni kweli China kuna misikiti. Nikamweleza kwamba Guangzhou una msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya nchi ile, na kwamba siku ya Ijumaa Waafrika husali pamoja na Wachina kwenye kaburi ambalo mapokeo ya pale yanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Mazungumzo yakaenda hadi usiku.

Baada ya Salamabila nilikwenda Kasongo, kwa sababu mchele uliokuwa kwenye kila sahani ulitoka huko na sikutaka kuandika juu yake bila kuona mashamba. Njia hii ni ya zamani. Misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji ilipita Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe, na David Livingstone alilala Kabambare miezi mingi akiugua kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871. Mpunga ulikuja na misafara hiyo. Wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, akina Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, waliupanda kwa sababu hawakutaka kuishi bila wali, na ardhi ya Maniema ikaupokea. Leo ni zao la nyumbani kabisa. Hupandwa nchi kavu, kwa mvua, bila majaruba, na sehemu kubwa ya kazi, kutoka palizi hadi kupura na kutwanga, iko mikononi mwa wanawake.

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao Sidney Hinde aliona mji uliomshangaza, akaueleza baadaye katika kitabu: maghala yaliyojaa mchele, mahindi na kahawa, mashamba ya miwa na sukari iliyotengenezwa hapo hapo, bustani za matunda, na ndani ya nyumba mishumaa, vikombe vya fedha na vya kioo. Nimesoma habari hizo mara nyingi. Zinathibitisha kwamba meza ya kifahari haikuletwa Maniema na kampuni ya madini. Ilikuwapo. Lakini ni lazima isemwe pia nani aliyeilipia. Meza ile ilisimama juu ya pembe za ndovu na watu waliouzwa. Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni, na mamia walikufa, wengi wakizama Lualaba. Na waliowashinda wafanyabiashara hao hawakuleta uhuru: baadaye serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba na mpunga kwa amri, na adhabu kwa asiyetimiza. Mchele wa Kasongo umepita katika mikono ya kikatili mara mbili. Mwanamke anayeulima leo ndiye mmiliki wake wa haki wa kwanza, na anauuza kwa bei isiyomtosha kumnunulia mtoto daftari.

Nilikaa na wakulima hao sokoni. Mchele wao ni mfupi, hauna weupe wa kung'aa wa mchele wa Asia unaouzwa Uvira kwenye magunia ya plastiki, lakini ukipikwa unanukia, una utamu wa nafaka mpya, na unashika mchuzi. Wanauza kwa kopo. Mfanyabiashara akifika na lori, ndiye anayepanga bei, kwa sababu anajua kwamba lori jingine huenda lisije wiki ile. Kule Bukavu, watu wenye fedha wanakula mchele uliosafiri kwa meli kutoka Pakistani au Thailand, na mchele wa jirani zao wa Maniema unaliwa na panya ghalani.

Chai nayo ni hivyo hivyo. Tunayo. Milima ya Kivu imelima chai tangu wakati wa Wabelgiji, huko Ngweshe na Mbayo karibu na Bukavu, na Butuhe upande wa Butembo. Ng'ambo ya mpaka, Burundi ina Teza na Rwegura. Kenya imekwenda mbali zaidi: mwaka 2011 ilitoa kwa wakulima aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, ili isitegemee majani meusi ya kusaga peke yake. Sisi bado tunasaga karibu yote yawe unga wa kutia kwenye maziwa. Hakuna kinachozuia kiwanda kidogo cha Kivu kukausha sehemu ya majani yake kwa mkono, mazima, nyingine kijani, nyingine ikipitishwa moshi wa mti wa kwetu. Wakulima wa Fujian hawana udongo wa miujiza. Wanajua jani lao, wanajua sahani litakalokaa nayo, na wanaliuza kwa jina la kijiji.

Kwa hiyo ninamwomba kila mwenye mgahawa wa Kindu, Bukavu, Goma na Uvira, na Mkongo yeyote mwenye mgahawa Nairobi, Brussels au Guangzhou. Andika kwenye orodha yako ya vyakula: wali wa Kasongo, kambale wa Luama, mawese ya Kabambare. Andika jina la mahali, kwa herufi kubwa, na umlipe mkulima bei inayolingana na jina hilo. Sombe usiiharakishe. Ukiipeleka mezani, ipeleke na birika la chai ya Kivu iliyopikwa kali, bila maziwa, sukari ikiwa pembeni kwa anayeitaka. Mwulize mgeni kwanza atakunywa nini, kisha umshauri atakula nini. Mchele upo Kasongo sasa hivi, kwenye maghala, unangoja mnunuzi.